Nilivyonunua shotgani Texas baada ya kulazwa kwa sonona

Niwashukuru kwanza washauri wangu wawili. Mmoja aliniapia: "Kaka, ukishalala wodi ya akili Marekani, FBI wana faili lako lote, mpaka vidonge ulivyomeza." Shemeji yangu yeye akasema dawa ni kudanganya kwenye fomu ya kununulia bunduki. Yaani mimi, mwenye green card, nidanganye fomu ya serikali, kosa la kifungo cha hadi miaka 10! Asante, shemeji.

Miaka mitatu nyuma sonona ilinielemea, nikajipeleka hospitali Houston na begi langu mkononi, nikalala siku nne. Mwaka huu nimepona, rafiki akanialika kuwinda nguruwe mwitu wanaomfukulia shamba.

Dukani nikapewa Fomu 4473, ile ya serikali kuu ambayo mnunuzi wa bunduki huijaza. Kuna swali: umewahi kuamuliwa na mamlaka kwamba una upungufu wa akili, au kupelekwa kwa amri kwenye hospitali ya akili? Mimi sikuona "kwa amri", niliona "akili" tu. Nikatia tiki "Ndiyo". Mzee wa kaunta akasoma, akaninyanyulia macho, kisha akaivuta ile shotgani taratibu upande wake, kama mama anayemwondolea mtoto kisu. "Siwezi kuendelea, bwana." Jamaa aliyekuwa nyuma yangu akakumbuka ghafla kwamba shida yake iko kona ya pili ya duka. Nilifika kwenye gari shati limelowa.

Usiku ndipo nikasoma maelezo ya fomu: kulazwa kwa hiari yako hakuhesabiki. Lakini je, hospitali iliandika nini? HIPAA, sheria ya Marekani ya faragha ya taarifa za afya, inakupa haki ya kuona rekodi zako. Ujanja wangu ni huu: sikuomba faili zima, niliomba ukurasa mmoja tu unaoonyesha nililazwaje. Nililipa dola chache, pungufu ya pitsa. Ukaja: "kwa hiari". Niliubusu.

Duka la pili nikajibu "Hapana", nikamnyooshea muuzaji karatasi yangu kwa mbwembwe. Akainua mikono: "Rudisha mfukoni, sitaki kujua." Kumbe yeye kutoka NICS, mfumo wa FBI wa kukagua wanunuzi wa bunduki, huambiwa tu endelea, subiri au amekataliwa, sababu haambiwi. Na marekebisho ya HIPAA ya 2016, yanayoruhusu kupeleka taarifa NICS, yanahusu vyombo vinavyotoa au kuripoti zile amri za kulazwa, tena vinapeleka utambulisho, si ugonjwa wako. Daktari wangu hakupeleka chochote.

Niliambiwa subiri, nadhani kwa sababu majina kama langu yamejaa. Siku ya pili jibu likaja: endelea.

Walioko Illinois msiniige: kadi yenu ya FOID, yaani kibali cha jimbo cha kumiliki bunduki, huzuiwa hata ukilazwa kwa hiari ndani ya miaka 5.

Shotgani iko kwenye kabati la chuma, namba za kufuli anazo mke wangu peke yake. Nilitaka mwenyewe iwe hivyo. Nguruwe bado sijapata hata mmoja.