Mgeni wa usiku kwenye mchicha

Jamani, asubuhi hii nimetoka na ndoo ya maji, nakuta tuta la mchicha limebaki vijiti. Maharage nayo, vichwa vyote havipo.

Nyumbani wanasema ni sungura. Wapi!

Sungura hukata jani ukingo ukabaki safi. Haya yamechanika, nyuzi zinaning'inia. Kulungu hana meno ya mbele ya juu, kwa hiyo hunyofoa. Na kwato zake zimejichora vizuri kwenye udongo niliomwagilia jana jioni.

Kilichoniuma zaidi: vitunguu hakuvigusa hata kimoja. Yaani kapita anachagua kama mgeni wa heshima harusini!

Uzio wangu unanifika kifuani. Kwa mnyama anayeweza kuruka zaidi ya mita 2, huo si kitu.

Nawaza kuweka uzio wa pili sambamba na huu, kama mita moja na nusu kando yake, maana husita kuruka asipoona pa kutua. Habari za kutundika sabuni ili harufu imfukuze siziamini sana. Nahofia mvua itaimaliza hiyo harufu.

Nani amejaribu uzio wa mistari miwili? Ulisaidia, au naenda kupoteza nguzo zangu bure?