Drili Ndogo ya Betri: Nilianza na Volti, Nikaishia kwenye Biti

Kwa muda mrefu niliamini kuwa drili ya betri huchaguliwa kwa kusoma namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwake, na kwamba biti, yaani vyuma vidogo vinavyobanwa mdomoni mwa drili ili kufungia skrubu au kutobolea, ni vikorokoro vya nyongeza ambavyo mtu huokota vyovyote anavyovikuta. Imani hiyo iliniharibia mlango wa kabati. Nilikuwa nikifunga bawaba kwa skrubu za milimita 4, biti ikaruka kutoka kichwani mwa skrubu na kuacha mkwaruzo wa urefu wa kidole juu ya ubao uliokwisha kupakwa vanishi. Nikailaumu drili, ingawa drili haikuwa na kosa.

Nilipozitazama skrubu zile kwa karibu, niliona kwamba katikati ya mikono minne ya msalaba wake palikuwa na vistari vinne vyembamba, mfano wa miale. Hiyo ndiyo alama ya Pozidriv, aina mojawapo ya vichwa vya skrubu. Biti niliyokuwa nayo ilikuwa ya Phillips, ile ambayo mafundi wengi huiita nyota, na mabawa yake yamechongwa kwa mshazari kuelekea nchani, kiasi kwamba nguvu ya kuzungusha inapozidi, biti hupanda na kuchomoka. PH2 (Phillips ya saizi ya 2) na PZ2 (Pozidriv ya saizi hiyohiyo) hufanana kama mapacha kwa mtu mwenye haraka. Ukiitumia moja mahali pa nyingine huenda skrubu tatu za kwanza zikaingia vizuri, kisha ya nne ikaliwa kichwa. Tangu siku hiyo, kila ninapopata hiari hununua skrubu za Torx, zenye tundu la ncha sita, kwa sababu biti yake ya T20 au T25 hukaa imara bila kukandamizwa sana.

Nikirudi kwenye mashine yenyewe, jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba volti huandikwa kwa namna inayopumbaza. Drili ya volti 12 ina seli tatu za lithiamu, kila moja ikiwa na volti 3.6 za kawaida, yaani jumla 10.8, ile 12 ni hesabu ya betri iliyojaa. Kadhalika, betri inayonadiwa kwa volti 20 kwa kawaida ni seli tano zilezile zinazotoa 18. Hakuna sababu ya kulipa zaidi kwa ajili ya tofauti iliyomo kwenye karatasi tu.

Kipimo chenye maana zaidi ni nguvu ya kuzungusha, inayoandikwa kwa herufi Nm (nyutoni-mita). Drili ndogo za volti 12 nyingi hutoa takribani 30, na ndogo za volti 18 hufika 50 au zaidi, lakini uzito nao hupanda kutoka karibu kilo 1 hadi kilo moja na nusu, tofauti ambayo mkono hauihisi dukani bali huihisi baada ya nusu saa ya kufanya kazi juu ya kichwa. Kwa bawaba, rafu na vitanda, 30 inatosha na kubaki. Mota isiyotumia brashi za kaboni (brushless) hutunza chaji vizuri zaidi, nami ningeilipia.

Pete yenye namba iliyo nyuma ya mdomo wa drili ndiyo sehemu inayopuuzwa kuliko zote. Namba hizo hupanga klachi: skrubu ikifika mwisho, klachi huachia kwa mlio wa kukereketa na mzunguko hukoma kabla kichwa hakijazama ndani ya ubao. Picha ya biti iliyo mwishoni mwa pete huifunga klachi, na hiyo ni ya kutobolea tu. Anza na namba ya chini, upande taratibu, ukiwa kwenye gia ya kwanza.

Mdomo wa drili ndogo aghalabu hukamata hadi milimita 10, na kipimo hicho ni cha shina la biti, wala si cha tundu. Biti bapa ya mbao inayotoboa milimita 20 huingia bila shida kwa kuwa shina lake ni la pembe sita, milimita 6.35. Kisichoingia ni biti za SDS, zenye mifereji shinani, ambazo ni za mashine za kugongagonga. Nilizinunua mara moja. Bado ziko mpya. Zege nalo lisitarajiwe kutobolewa na drili isiyogonga, hata ukiwa na biti ya ncha ya kabaidi.

Nilipokwenda dukani kununua drili, kabla ya kulipa niliomba biti nyembamba iliyonyooka, nikaibana mdomoni, nikabonyeza swichi kidogo kidogo huku nikiitazama ncha yake. Drili ya kwanza ilichora duara hewani. Ya pili ilitulia, nikaichukua: volti 12, betri mbili za ampea-saa 2. Kasha la biti mia moja nililiacha, nikachagua PZ2 tano, PH2 mbili, T20 na T25 mbilimbili, na biti za kutobolea za milimita 2.5 na 3, ambazo ndizo hutangulia kutoboa njia ya skrubu ya milimita 4 katika mbao laini na ngumu. Bawaba zile nilizifunga upya kwa klachi namba 6. Mkwaruzo ungali pale mlangoni.