Nauli Imepandishwa Njiani

Leicester, Jumapili, 23 Novemba 2025

Habari ya maisha yangu niliisikia Alhamisi nikiwa jikoni kwa mtu mwingine. Ilikuwa zamu ya mchana, karibu na Melton Road, nami nilikuwa nachemsha chai ya maziwa na tangawizi ya bibi mmoja ninayemhudumia, huku televisheni ya sebuleni ikiwa imewashwa kwa sauti kubwa kama anavyopenda. Waziri wa Mambo ya Ndani, Shabana Mahmood, alikuwa bungeni akieleza kwamba mhamiaji wa kawaida atasubiri ukaazi wa kudumu miaka 10 badala ya 5, na kwamba sisi tulioingia kwa viza ya afya na uangalizi, katika zile kazi zinazohesabiwa kuwa za ngazi ya chini, tutasubiri 15. Mwenye kipato kinachozidi pauni 125,140 kwa mwaka ataweza kuupata kwa miaka 3. Nilivumilia kusikiliza hadi aliposema kwamba masharti haya yanakusudiwa kuwahusu hata waliokwisha kuwamo nchini lakini hawajapewa ukaazi. Chai ikafurika, nikatumia dakika zilizobaki kusugua jiko.

Nilifika Uingereza Novemba 2022, miezi michache baada ya serikali ya wakati ule kufungua mlango kwa waangalizi wa wazee kwa sababu wenyeji walikuwa hawazitaki kazi hizo kwa mshahara uliopo. Nilikuja na mwanangu akiwa na umri wa miaka 5. Kwa hesabu niliyopewa nilipoomba viza, ningestahili kuomba ukaazi mwaka 2027. Kwa hesabu mpya ni 2037, na mtoto atakuwa na miaka 20. Najua kwamba jambo hili lilitangazwa kama pendekezo na kwamba maoni yalipangwa kupokelewa hadi 12 Februari 2026, lakini nimekaa hapa muda wa kutosha kujua serikali inapouliza swali ikiwa na jibu mfukoni.

Sibishani na haki ya nchi kupanga nani aingie na kwa masharti gani. Tanzania nayo ina vibali vyake vya ukaazi na ada zake, na hakuna mgeni anayeviona vyepesi. Ninalolilalamikia ni wakati. Dar es Salaam konda akitangaza nauli mpya pale Kariakoo, abiria atapanda au atatembea kwa miguu. Akiitangaza gari likiwa limeshafika Magomeni, atasikia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Jambo linalonikera zaidi ni kwamba nilipiga kura. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kihalali anaruhusiwa kuchagua mbunge, haki ambayo jirani yangu kutoka Poland hana. Hivyo tarehe 4 Julai 2024 nilikwenda katika ukumbi wa shule, karani akalinganisha uso wangu na picha iliyo katika pasipoti ya Tanzania, nikapewa karatasi, nikaingia kwenye kibanda chenye penseli iliyofungwa kwa uzi. Niliwapigia Labour, chama cha Mahmood huyuhuyu. Jimbo letu la Leicester East likaenda kwa Wahafidhina, waliokuwa wanatawala hadi hapo, siku ileile walipokuwa wanaanguka karibu kila mahali, lakini kitaifa Labour walipata zaidi ya viti 400 kati ya 650 kwa takriban asilimia 34 ya kura. Reform UK, chama cha Nigel Farage, kilipata asilimia 14 na viti 5 tu, na nikalala usingizi mzuri.

Mwaka 2025 Reform waliongoza katika kura za maoni kwa miezi mingi, na watu wa viti vitano wakawa ndio wanaowapigia ngoma watu wa viti mia nne. Septemba, Farage alitangaza kwamba akishika madaraka ataufuta kabisa ukaazi wa kudumu. Waziri Mkuu Keir Starmer akaiita sera hiyo ya kibaguzi, nami nikamshangilia mbele ya simu yangu kama mtu anayetazama mpira. Haikupita miezi miwili, serikali yake ikaja na hii ya kwake. Si sawa na ile, nakubali. Ukaazi haufutwi, unasogezwa tu mbali zaidi na mtu anayemwogesha mgonjwa kuliko na mtu anayehesabu fedha za benki.

Nilipompelekea bibi chai, aliniuliza kwa nini sura yangu imebadilika. Alizaliwa Kisumu mwaka 1946, na Kiswahili chake ni kile cha madukani, kisichojali viambishi, ambacho mwalimu wangu wa shule ya msingi angekichapa viboko na ambacho mimi nakipenda kuliko sauti yoyote katika mji huu. Nikamweleza. Akacheka kidogo, akasema, "Mimi najua hii. Februari sitini na nane, sisi nakimbia, kila mtu nasema mlango nafunga."

Wahindi wengi wa Kenya walibaki na pasipoti za Uingereza baada ya uhuru, na sheria za Kenya za mwaka 1967 kuhusu vibali vya kazi na leseni za biashara zilipowabana, wakaanza kuondoka. Serikali ya Labour ya Harold Wilson ikapitisha bungeni kwa siku tatu sheria ya kuwazuia wenye pasipoti hizo ambao hawakuwa na mzazi wala babu aliyezaliwa Uingereza, nayo ikaanza kutumika Machi 1968. Bibi alitua London siku chache kabla; kaka yake alikuwa bado anauza duka.

Nilidhani atakuwa na hasira na mawaziri hawa ambao wazazi wao walihamia hapa. Mahmood ni binti wa familia iliyotoka Kashmir; Rishi Sunak, Waziri Mkuu wa zamani, ambaye serikali yake ilitukataza kuja na familia kuanzia Machi 2024, baba yake alizaliwa Kenya na mama yake Tanganyika. Lakini picha ya Sunak bado iko ukutani kwa bibi, imekatwa kutoka gazeti la wiki ya Diwali ya 2022, alipoingia madarakani, na sijawahi kumwambia aiondoe.

Aliniuliza nitamaliza mwaka gani. Nikamwambia 2037. Akahesabu kwa vidole, kwa Kigujarati, polepole, kisha akasema, "Mimi takuwa tisini na moja," akasukuma kikombe upande wangu niongeze sukari ambayo daktari amemkataza.