Mwalimu wa Kubadilishana Naye

Mwalimu wa serikali akitaka kuhama kwa hiari yake, njia ambayo wengi wetu tunaiamini ni kumtafuta mwenzake wa kubadilishana naye. Yeye yuko unakotaka kwenda, wewe uko anakotaka kuja, mnafundisha ngazi moja. Wakati ule kila mmoja aliandika barua yake, ikapita kwa mwalimu mkuu, ikapita kwa afisa elimu, ikafika kwa mkurugenzi. Mkikubaliwa mnahama kwa gharama zenu. Ndiyo maana kwenye makundi ya walimu halikosekani tangazo la "nipo mahali fulani, natafuta wa kubadilishana naye." Wanaotaka kuja Dar es Salaam ni wengi, wanaotaka kutoka ni wachache. Mimi nilikuwa wa kutoka. Oktoba 2022 niliandika kwamba nipo Mbagala, natafuta mwalimu wa msingi aliyeko Lushoto, na kabla sijalala simu iliita.

Ule ndio mwaka Mto Ruvu ulipopungua maji, mgao ukaingia jijini, na dumu la lita 20 tulilozoea kulinunua kwa sarafu likaanza kudai noti. Joto la Oktoba nalo lilikuwa lile lile la siku zote. Majirani waliposikia nataka kwenda Lushoto walidhani nakimbia hayo. Lakini maji tungevumilia, tumeshavumilia mengi. Nililoshindwa kulivumilia lilikuwa darasani.

Tangu elimu bila malipo ianze 2016, shule za Mbagala zimejaa watoto kuliko zilivyojengwa kubeba. Mimi naifurahia elimu hiyo mpaka leo, kwa sababu nawajua watoto walioingia shule kwa ajili yake. Ila darasa langu la nne, mkondo mmoja tu, lilikuwa na watoto zaidi ya mia na hamsini. Nilifundishia mlangoni kwa sababu mbele hapakuwa na pa kusimama; waliokosa dawati walikaa sakafuni, magoti yakigusa ukuta wa ubao. Daftari nilizibeba nyumbani kwenye mfuko wa salfeti, nikasahihisha mpaka macho yakaniwasha. Mwaka ule, mitihani ikiwa imekaribia, nilimwita msichana mmoja wa nyuma asome aya. Akaisoma bila kukosea hata neno. Nikamgeuzia ukurasa ambao jirani yake hakuwa ameusoma, akanyamaza. Aliangalia picha, akaniangalia mimi, akaanza kubuni hadithi ya ile picha kwa sauti ya kusoma. Mtoto yule alikuwa ana akili nyingi sana. Alikuwa amekaa mbele yangu miezi yote ile, na hajui kusoma.

Usiku ule ndio nilioandika tangazo.

Lushoto nilifika zamani, nikiwa chuoni, kwenye mazoezi ya kufundisha. Nilipewa darasa ambalo hadi wiki ya pili nilikuwa namjua kila mtoto kwa jina lake, na nani anachanganya b na d. Nadhani tangu hapo sijawahi kuacha kulitamani darasa la namna ile. Ubaridi, ukungu, mji ule mdogo uliokaa mita 1,400 hivi juu ya bahari, ambao Wajerumani waliukimbilia kupumzika na joto la pwani wakauita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao, vyote hivyo kwangu vilikuja nyuma ya darasa.

Mume wangu ni fundi wa giaboksi za magari makubwa, mtaa wa Gerezani, hapa hapa Dar. Nilipomwambia, hakubisha. Alikuwa anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri ili awahi, maana Barabara ya Kilwa ilikuwa imechimbuliwa kwa ajili ya awamu ya pili ya mwendokasi, na jioni anarudi na vumbi mpaka kwenye kope. Alisema tu, "Mwalimu, tusiandike barua kwa kumbukumbu za chuoni. Twende tukaone."

Tulikwenda Desemba, shule zimefungwa, sisi na mtoto wetu wa mwisho. Basi liliondoka Mbezi alfajiri. Chalinze, Segera, Korogwe, halafu mashamba ya mkonge mpaka Mombo. Pale Mombo unaiacha barabara kuu na kuanza kupanda, kilomita 30 na ushee za kona, mto wa Soni ukiwa bondeni kando yako. Mume wangu aliondoka kwenye kiti chake akaenda kukaa nyuma ya dereva, akawa anasikiliza gia. Kila tulipopishana na Fuso la kabichi linaloshuka alinusa hewa, akasema "breki", kisha akatikisa kichwa. Yale makabichi na karoti ndiyo tunayoyanunua Kariakoo.

Yule mwalimu aliyenipigia simu alitupokea stendi na mwanawe wa miaka minne mgongoni, amembeba kwa kanga kwa sababu mtoto alikuwa na usingizi. "Poleni na safari, dada. Shemeji, pole." Alikuwa mdogo kwangu kwa umri. Ajira yake ya kwanza ilimpangia huko, naye ni mtu wa Mtwara. Mumewe alipata kazi Dar, bandarini, wakawa wanaonana likizo. Tukiwa tunakula plamu kwake, maana Desemba ni msimu wake na ndoo ilikuwa imejaa, simu yake iliita. Mtoto akakurupuka. "Baba wa simu!" akasema. Mama yake akacheka, akampa. Akatuelezea kwamba mtoto ana babu yake mzaa mama, ana baba mdogo, na huyu ndiye baba wa simu, ndivyo alivyowapanga mwenyewe.

Mimi nilicheka pia. Mume wangu hakucheka.

Kesho yake yule mwalimu alinipeleka shuleni kwake. Njia ilikuwa ya kupanda, udongo mwekundu umelowa, na alinionyesha pale ambapo watoto huvua viatu mvua ikinyesha. Akafungua darasa. Nilihesabu madawati kwa macho tu, nikajua watoto wote wanakaa. Ukutani kulikuwa na karatasi ya manila yenye silabi, imeandikwa kwa mkono, kona zake zimeshikizwa kwa vipande vya kandambili ili misumari isiichane. Nilisimama mbele, pale penyewe anaposimama mwalimu. Palikuwa na nafasi ya kutembea. Nilitembea mpaka dawati la nyuma nikarudi, na sioni aibu kusema kwamba machozi yalinitoka. Yule mwalimu alidhani nimeona upungufu. Akaanza kuniombea radhi kwa dirisha lililovunjika kioo. Nikamwambia hapana, mdogo wangu, darasa ni zuri.

Aliniambia na mabaya yake, na namheshimu kwa hilo, kwa sababu alikuwa anataka sana nikubali. Juni na Julai baridi inaingia kwenye mifupa. Watoto wengine hupotea msimu wa kupalilia. Na akasema maisha ni nafuu kwenye chakula lakini ukiumwa ugonjwa mkubwa utasafiri. Nilimsikiliza, na kila alichotaja nilikuwa nimeshakipokea moyoni.

Wakati huo mume wangu alikuwa kwenye gereji moja jirani na stendi. Fundi wa pale alimpa kigoda, akashinda naye. Jioni alirudi na mikono michafu, kwa hiyo nilijua walimkaribisha kazini. Nikamuuliza vipi.

"Mafundi wapo," akasema. "Wazuri tu. Kazi iliyopo inawatosha wao."

Siku ya mwisho tulikwenda Irente, kwenye mwamba ule ambao ukisimama ukingoni ardhi inakatika chini yako na unaona tambarare yote ya Mombo mpaka macho yanapoishia. Barabara kuu ilionekana, na malori juu yake kama punje za mtama. Mtoto alitaka kusogea, nikamshika shati. Mume wangu aliyaangalia yale malori muda mrefu.

"Kazi yangu ile pale chini," akasema.

"Si ungefungua Mombo?" nikamuuliza. Swali hili nilikuwa nimeliandaa tangu Segera.

Akanieleza taratibu, kama anavyowaeleza vijana wake. Lori likifa giaboksi Mombo, mwenye lori hatafuti fundi wa Mombo. Anampigia fundi wake Dar, naye anamtuma kijana na spea kwa basi la usiku. Spea zipo Gerezani na Kariakoo. Mteja anakuja kwake kwa sababu akikosa bearingi moja anavuka barabara kuifuata. "Mshahara wako unapanda mlima na wewe," alisema. "Wangu unabaki barabarani. Lakini ukisaini, Mwalimu, mimi sitakuzuia. Nitakuwa nakuja mwisho wa mwezi."

Nadhani angekuwa amenikatalia ningesaini. Ningekuwa na wa kumlaumu na nguvu ya kubishana. Lakini mtu aliyeniruhusu hivyo, amesimama pale na kucha zake zina grisi ya gereji ya watu, nilimwelewa kila neno. Kuja mwisho wa mwezi. Mtoto wangu, ambaye hulala sebuleni akimsubiri baba yake arudi na vumbi lake, naye angepanga watu wake upya. Na yule mwanamke aliyekuwa ametupikia siku zote zile alikuwa anahangaika kutoka kwenye maisha ambayo mimi nilikuwa nayaombea barua niyaingie.

Sikumwambia siku ile. Nilitaka kwanza nirudi Mbagala, nilale kwenye joto langu, nione kama uamuzi wa kutosaini utabaki ule ule. Ulibaki. Nilimpigia wiki ya kwanza ya Januari, kabla shule hazijafunguliwa. Nilimweleza yote, na lile la mwisho wa mwezi. Alinyamaza, kisha akasema, "Nimekuelewa, dada. Hata mimi ningekuwa wewe." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejikaza, na nyuma nilimsikia yule mtoto akiuliza kama ni baba.

Kukata simu na kuendelea na maisha ilinishinda. Nilijua wazi kwamba Dar hii ina walimu wengi wenye asili ya milima ile, na haiwezekani wote wamekwishasahau kwao. Nikaanza kuuliza. Niliuliza kwenye vikao, niliuliza kwenye semina, niliuliza foleni ya benki siku ya mshahara. Watu wakaanza kunitania kwamba nimekuwa dalali wa uhamisho. Mwezi Machi mwalimu mmoja mtu mzima, wa shule ya jirani, mzaliwa wa Mlalo, alinifuata mwenyewe. Alikuwa amebakiza miaka michache astaafu, na mama yake mzazi bado yupo hai kule juu. "Shikamoo mwalimu," nikamwambia, "unajua kutumia simu ya kugusa? Kuna mtu nataka uongee naye sasa hivi." Waliongea pale pale, chini ya mwarobaini, na barua zao zikaandikwa wiki ile ile.

Vibali vilichukua miezi, kama kawaida yake, lakini vilitoka. Mzee alipanda mlima, yule mwalimu akashuka.

Mimi mlima bado nautaka. Darasa lile silisahau, na ile namna ya kushikiza karatasi kwa kandambili naitumia. Yule msichana wa nyuma nilimchukua na wenzake kadhaa, nikawa nawasomesha kila siku baada ya kengele, sisi wenyewe tu, nafasi ikiwepo ya kutembea. Alipofika darasa la sita alikuwa anawasomea wadogo zake.

Yule mwalimu alikuja kututembelea wiki yake ya kwanza mjini, na mumewe, na mtoto kamng'ang'ania baba yake shingoni. Alikuwa ameloa jasho, uso umemvimba kwa kukosa usingizi. Aliponikumbatia tu akauliza, "Dada, huku mnalalaje?" Nikamwambia aloweshe kanga, aikamue, ajifunike nayo, na alale sakafuni karibu na mlango mpaka Mei.