Risasi, Wino na Karatasi Moja

Marehemu baba alikuwa mpangaji herufi katika matbaa moja ya Tanga, na mikono yake ilinuka mafuta ya taa mpaka siku tuliyomzika. Nilipokuwa na umri wa miaka mitano aliniletea nyumbani herufi moja iliyochakaa, R, akaniambia imetengenezwa kwa risasi. Niliitupa na kukimbilia uvunguni mwa kitanda. Kwangu mimi risasi ilikuwa ile inayotoka kwenye bunduki. Baba aliinama, akanitoa taratibu, akanieleza kuwa ni madini yale yale, ila hii inasema tu.

Oktoba iliyopita nilikwenda kumtembelea mdogo wangu, binti wa mama mdogo, anayeishi Worcester, jimbo la Massachusetts, Marekani. Nilikuwa na haja moja ambayo nilikuwa nimeibeba miaka mingi: kuona karatasi.

Karatasi zenyewe ni hizi. Marekani ilipokuwa bado makoloni 13 ya Uingereza, magazeti mengi yalitoka mara moja tu kwa wiki, na kuna mambo yasiyongoja wiki. Basi mpiga chapa alitwaa karatasi moja akaichapa upande mmoja. Wa pili aliuacha mtupu, kwa sababu ndio wa kupakwa gundi. Karatasi ikabandikwa kwenye nguzo, mlangoni mwa kilabu cha pombe, au akapewa mtu mwenye sauti awasomee wenzake wasiojua kusoma. Kwetu mbiu ya mgambo ikilia, kuna jambo. Hizi zilikuwa mbiu za karatasi.

Mdogo wangu alinipokea uwanja wa ndege wa Boston akiwa na koti la ziada mkononi. "Vaa, kaka. Hii si baridi ya Lushoto." Tulilala kwa rafiki yake, na asubuhi alinipeleka kwenye jumba la zamani la serikali ya koloni, Old State House. Ni jengo la matofali mekundu la mwaka 1713, limebanwa na maghorofa ya vioo kila upande, na chini yake wamepitisha treni. Juu ya paa wamesimama simba na farasi mwenye pembe, alama za mfalme wa Uingereza. Wale wa awali waling'olewa na kuchomwa moto tarehe 18 Julai 1776, baada ya tangazo la uhuru kusomwa kutoka kwenye roshani. Waliopo sasa ni wa kuiga.

Chini ya roshani hiyo kuna duara la mawe. Hapo karibu, usiku wa tarehe 5 Machi 1770, askari wa Uingereza waliufyatulia risasi umati uliokuwa unawatukana na kuwarushia mabonge ya theluji. Watu watano walikufa. Mmoja wao, Crispus Attucks, alikuwa baharia mwenye damu ya Kiafrika na ya wenyeji wa asili wa nchi ile.

Kabla mwezi haujaisha, sonara Paul Revere alikuwa tayari anauza picha ya tukio hilo, imechapwa kwenye karatasi moja na beti chini yake. Niliangalia nakala yake kwa muda mrefu. Askari wamepangwa mstari ulionyooka, wanafyatua kwa pamoja, na kapteni wao nyuma ameinua upanga kutoa amri. Umati hauna hata fimbo. Mbingu ni ya buluu, ingawa ulikuwa usiku. Juu ya duka moja amechora kibao kinachosema Ukumbi wa Mchinjaji. Mambo hayakuwa hivyo. Mahakamani, ambako askari walitetewa na John Adams, aliyekuja kuwa rais wa pili wa Marekani, kapteni aliachiwa, na askari sita kati ya wanane nao wakaachiwa. Hata ubunifu wenyewe haukuwa wa Revere. Aliunakili kutoka kwa msanii Henry Pelham, ambaye alimwandikia barua ya uchungu akimshutumu kumwibia jasho lake.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba katika nakala nyingi zilizotiwa rangi, Attucks haonekani. Waliolala chini wote ni weupe. Mtu yule alikufa mtaani, akatumika kuwapandisha watu hasira, na katika picha ya kifo chake mwenyewe uso wake ukafutwa. Tulitembea hadi makaburi ya Granary, alikozikwa pamoja na wenzake. Revere naye kazikwa humo humo.

Siku hiyo tulipita pia Old South Meeting House, nyumba ya ibada ambamo maelfu ya watu walikusanyika mwaka 1773 kuipinga chai iliyotozwa kodi na Uingereza. Tarehe 29 Novemba mwaka huo karatasi zilibandikwa mjini zikianza kwa mwito: Marafiki! Ndugu! Wananchi! Zikaiita chai ya Kampuni ya India Mashariki tauni mbaya kuliko zote. Majuma mawili na siku kadhaa baadaye masanduku 342 ya chai yalikuwa yametupwa baharini.

Tulichukua treni ya jioni kwenda Worcester, kilomita 60 na ushei kuelekea magharibi. Njia hiyo ndiyo aliyopita Isaiah Thomas, mpiga chapa mwenye gazeti lililowaudhi sana Waingereza. Usiku wa tarehe 16 Aprili 1775, akisaidiwa na marafiki, alifungua mashine yake vipande vipande, akaivusha mto Charles, ikapakiwa kwenye mkokoteni. Siku tatu baadaye vita vilianza Lexington. Worcester ikawa maskani yake, na mwaka 1812 akaanzisha hapo jumuiya ya kuhifadhi maandishi ya kale, American Antiquarian Society.

Jengo la jumuiya hiyo ni tulivu kama msikiti baada ya sala. Mashine ya Thomas ipo, ya mbao, ndefu kunizidi, mkono wake wa kuvutia umelainika kwa viganja vya watu. Niliisimamia kama mtu anayesimamia kitanda cha mgonjwa. Thomas alianza kazi akiwa mtoto wa miaka sita, akipanga herufi za wimbo wa mtaani kabla hajajua kusoma vizuri. Alipotajirika hakuidharau kazi ile ya utotoni. Mwaka 1813 alinunua Boston zaidi ya karatasi 300 za nyimbo, zile zilizouzwa kwa senti kwa watu wa bandarini, akazijalidi na kuziweka kwenye jumuiya ili wajukuu waone watu wa kawaida walikuwa wanaimba nini. Nilifikiria matangazo ya taarabu, ya mechi, ya mikutano ya hadhara, aliyoyapanga baba kwa miaka 31. Matbaa ilipofungwa yaliliwa na mchwa. Sina hata moja.

Ni Thomas huyo huyo, katika kitabu chake cha historia ya uchapaji cha mwaka 1810, aliyetaja jambo lililonifanya niifunge safari hii. Katika matbaa ya Thomas Fleet pale Boston kulikuwa na mtumwa Mwafrika, Peter, aliyevuta mashine na kuchonga kwenye mbao picha zote za nyimbo zilizouzwa na bwana wake. Wanawe wawili, Pompey na Caesar, walirithi ufundi. Kaskazini zaidi, Portsmouth, mtumwa mwingine, Primus, alivuta mashine ya gazeti la bwana wake, Daniel Fowle, kwa miaka mingi, hadi mgongo ukapinda. Kwa hiyo karatasi zilizopaza sauti kwamba kodi bila uwakilishi ni utumwa zilitoka pia kwenye mikono ya watu waliojua utumwa ni nini hasa.

Watu hao nao waliielewa nguvu ya karatasi. Nilikuwa nimetoka Tanga na nakala ya waraka mmoja kwenye mkoba, umekunjwa mara nne. Ulichapwa Boston, umeandikwa tarehe 20 Aprili 1773, ukapelekwa kwa wawakilishi wa miji ya Massachusetts. Chini yake yapo majina manne: Peter Bestes, Sambo Freeman, Felix Holbrook na Chester Joie, kwa niaba ya watumwa wenzao. Sitausema wote hapa, kwa sababu niliusoma mahali pengine, siku ya mwisho.

Philadelphia nilikwenda peke yangu, safari ya treni ya karibu siku nzima. Mdogo wangu alikuwa kazini. Ni muuguzi wa zamu za usiku. Mtaa wa Market, kwenye uwanja wa nyumba ya Benjamin Franklin, kuna matbaa iliyopangwa kama za wakati ule. Askari wa hifadhi, mama wa makamo aliyevaa aproni, alipaka wino kwa mipira miwili ya ngozi iliyojazwa sufu. Wino wa masizi na mafuta ya kitani. Alitandika karatasi, akaisukuma ndani, akauvuta mkono wa mashine kwa uzito wa mwili wote. Ule mlio wa mbao, halafu karatasi kubanduka kutoka kwenye herufi! Machozi yalinitoka mbele za watu. Mama yule hakusema kitu, akaninyooshea karatasi ninuse. Nikamwambia baba yangu alikuwa wa kazi hii. Akaniuliza jina lake, nikamtajia, akalirudia vizuri.

Hatua chache kutoka hapo ndipo John Dunlap, kijana aliyetoka Ireland, alipochapa tangazo la uhuru usiku wa tarehe 4 Julai 1776. Alichapa nakala zinazokadiriwa kufika 200. Zinazojulikana leo ni 26. Moja ilikutwa nyuma ya fremu ya picha iliyonunuliwa kwenye soko la vitu vya mitumba kwa dola 4. Chini ya karatasi hiyo hakuna zile sahihi maarufu. Yamo majina mawili ya chapa, John Hancock na katibu Charles Thomson. Orodha ya waliotia sahihi ilichapwa na mwanamke, Mary Katherine Goddard wa Baltimore, Januari 1777, naye akaweka jina lake chini wakati kuwekwa jina kwenye karatasi ile kungeweza kumpeleka mtu kitanzini.

Waliochunguza nakala za Dunlap wameona kwamba nyingine zilikunjwa wino haujakauka, maandishi yakajipiga upande wa pili. Baba asingestahimili hilo. Lakini naiona ile haraka: mishumaa, jasho la Julai, wajumbe wa farasi wakingoja mlangoni. Tarehe 8 John Nixon aliisoma kwenye ua wa jumba la serikali, mbele ya watu. Tarehe 9 ikasomewa jeshi la Jenerali Washington mjini New York, na jioni hiyo umati ukaiangusha sanamu ya Mfalme George wa Tatu. Ilikuwa ya risasi iliyopakwa dhahabu. Sehemu kubwa ilipelekwa Litchfield, Connecticut, ikayeyushwa na kufinyangwa risasi za bunduki 42,088. Kiswahili hakinipi maneno mawili hapa. Risasi iliyopangwa kuwa herufi iliwafanya watu wamwangushe mfalme wa risasi, naye akawa risasi. Niliketi kwenye benchi la ua ule nikiiwaza R yangu, na uvungu wa kitanda.

Mji huo huo ulinionyesha uso mwingine wa karatasi hizi. Novemba 1773 kamati iliyojiita ya kupaka watu lami na manyoya ilichapa onyo kwa marubani wa mto Delaware na kwa kapteni wa meli ya chai, Ayres. Ikamwuliza angependa vipi galoni 10 za lami kichwani na manyoya ya mabata bukini 12 juu yake. Meli ikageuza. Wengi huisimulia wakicheka. Mimi sikuweza. Maneno yanayomtisha mtu asiyeweza kujibu hayanishawishi kitu, hata yakitumikia haki.

Na jambo moja halikufika kwa Dunlap kabisa. Thomas Jefferson alikuwa ameandika aya inayomlaumu mfalme kwa biashara ya watumwa. Bunge lao liliikata. Katika karatasi iliyosomwa uani haimo.

Nilirudi Worcester usiku wa mwisho. Mdogo wangu alikuwa na mapumziko, amepika wali wa nazi na samaki, nyumba nzima inanukia Tanga. Mwanawe wa kiume, ana miaka 11, aliniuliza, "Mjomba, ulienda kuangalia karatasi tu?" Nikautoa waraka wa 1773, nikaunyoosha juu ya meza, nikawasomea kwa Kiswahili, nikitafuta maneno huku naenda.

Wanne wale wanaanza kwa kuwapongeza wabunge kwa kupigania wasiwe watumwa wa Uingereza. Sisi tulio katika hali hiyo ya kusikitisha, wanasema, tumefurahi. Tunatarajia makubwa kutoka kwa watu waliosimama imara namna hiyo dhidi ya wanadamu wenzao waliotaka kuwafanya watumwa. Hata Wahispania, ambao hawana mawazo matukufu ya uhuru kama mliyo nayo, huwaachia Waafrika siku moja kwa wiki wajifanyie kazi, wajikomboe kwa kile wanachokipata. Na wanasema watahama mara watakapochanga nauli, waende mahali fulani kwenye pwani ya Afrika, wajenge makazi yao.

"Wakapewa hiyo siku moja?" mtoto akauliza.

"Hawakupewa. Utumwa wa Massachusetts ulivunjwa mahakamani, mwaka 1783. Miaka kumi baadaye."

Mdogo wangu alikuwa kwenye sinki akiosha vyombo. Akafunga bomba.

"Kaka," akasema, "soma tena pale pa Wahispania. Polepole."

Nikasoma tena.