Saloni ya Lubumbashi ipangwe na jua ya Lubumbashi

Kila mara mtu akiniomba nimsaidie kupanga nyumba, kitu cha kwanza ananionyesha ni picha mu simu: kanape nyeupe, kapeti nyeupe, dirisha kubwa ya vioo, ukuta bila hata kitu. Picha ni nzuri sikatai, lakini ile nyumba iko Ufaransa ao Marekani, na sisi tuko Lubumbashi, kwenye udongo mwekundu, mita kama 1.200 juu ya bahari, na hata jua yetu inapita njia ingine. Nyumba inapashwa kufuata mahali iko. Njo kile nataka tuongee leo.

Tuanze na jua, juu watu wengi hawaifikirie. Magazeti ya Ulaya yanasema saloni iangalie kusini ili ipate mwangaza, huku kwetu ni kinyume kabisa. Mwezi wa 6 na wa 7, ile baridi ya asubuhi inatukamata mpaka mu mifupa, jua ya saa sita mchana iko upande wa kaskazini, kwa hiyo dirisha ya kaskazini inakupasha chumba bure bila hata franka moja. Mwezi wa 12 jua iko karibu juu ya kichwa, imeelekea kusini kidogo tu, malata ya paa njo yanaungua, dirisha haioni sana. Basi kama mu nyumba muko kambo, yaani babu ao bibi, ao mtoto mchanga, mupatieni kile chumba cha kaskazini, hata kama ni kidogo kuliko kingine. Na tafadhali, kwa ile baridi, mbabula, lile jiko la makala, isiingie mu chumba cha kulala milango ikiwa imefungwa, moshi ya makala hata usiyoiona inaua watu wakiwa usingizini.

Upande wa magharibi njo unasumbua. Mwezi wa 9 na wa 10, kabla mvua haijaanza, jua ya saa kumi inaingia moja kwa moja na saloni inakuwa haikaliki. Pale weka rido nzito, ya kitambaa chenye kufumwa vizuri, na kanape usiisukume chini ya ile dirisha, kitambaa chake kitapauka mbele ya mwaka kuisha. Kama malata iko tupu, bila plafo (dari) chini yake, franka za kwanza ziende ku plafo, viti vingoje. Nasema hivyo kwa kila mtu na wengi hawapendi kusikia, juu plafo haionyeshwi wageni sana kama kanape.

Sasa vipimo. Kuna mama mmoja wa Katuba, huku huku Lubumbashi, saloni yake iko na mita 4 kwa 3,5, alitaka seti nzima, kanape ya watu watatu, ya wawili, na fotei mbili, na bufe ya vyombo, na meza ya katikati. Nikamwambia mama, mbele ya kulipa tukate makarto. Tulikata makarto kwa kipimo cha kila kitu, kanape ya watatu mita 2 kwa sentimita 90, bufe sentimita 50 kwenda mbele, tukayapanga chini, kisha tukamwomba kijana wake mkubwa atoke mu chumba aende mpaka mlango wa nje akiwa na beseni mikononi. Hakupita. Kanape mbili zikiangaliana zinakula mita 1,80 mu ile 3,5, inabaki 1,70, weka meza ya sentimita 60 unabaki na 55 kila upande, kwa magoti ya mgeni inatosha, lakini njia ya kupita haiko tena, na mtu anahitaji kama 70 ao 80 ili apite bila kugeuka ubavu. Mama akaacha fotei moja na bufe ikaenda kusimama kwenye koridori, na pale ilipopashwa kukaa bufe tukaweka kameza ka watoto ka kufanyia devuari, karibu na dirisha. Kwangu mimi ile meza njo ilikuwa kitu cha maana kuliko vyote, juu saloni nyingi za huku zinangoja wageni wa siku ya Mungu wakati watoto wa nyumba wanaandikia ku magoti kila siku.

Rangi nayo ina mambo. Nyumba zetu nyingi ni matofali ya kuchoma, na za zamani hazina kitu chini cha kuzuia maji kupanda, ukuta unakunywa maji kutoka udongoni wakati wote wa mvua, kisha unaona ule unga mweupe na rangi inajaa mapovu na kudondoka, zaidi kama ulipaka rangi ya mafuta juu ya ukuta ungali na maji ndani. Suluhisho haiko kupaka tena juu yake. Kwangua mpaka kwenye ukuta wenyewe, tengeneza kule nje maji ya malata yanapoangukia, acha ukuta ukauke, paka kiangazi, mwezi wa 7 mpaka wa 9. Kwenye ukuta wenye unyevu chokaa inafaa kuliko rangi ya mafuta, juu inaacha ukuta upumue. Ile desturi ya wazee ya kupaka rangi mbili, chini rangi ya giza mpaka karibu mita moja, juu rangi ya mwangaza, muirudishe jamani! Mikono ya watoto na vumbi jekundu vinabaki chini, unapangusa na kitambaa chenye maji, imeisha. Kwa hesabu, litre moja inafunika kama mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, ni kusema ukipaka mara moja; ile saloni ya mita 4 kwa 3,5 yenye urefu wa 2,70, ukitoa mlango na madirisha unabaki na kama mita 36, mikono miwili ni litre 7 na kidogo. Fundi akikuambia 15 muulize ya nini.

Na kuta msiziache tupu. Mji huu mu miaka ya 1970 ulikuwa na wapenta waliofanya kazi kwa ajili ya saloni za watu wa kawaida kabisa, Tshibumba Kanda Matulu ni mmoja wao, walipenta mamba muntu, ule mwanamke mwenye mkia wa samaki, walipenta mambo ya wakati wa Wabeleji, mara nyingi ku turubai la mifuko ya unga, na mtu wa kazi ya mgodi alinunua akatundika juu ya kanape. Leo unaenda kwa watu unakuta saa kubwa ya plastiki na maua ya plastiki. Mafundi wa shaba wako mpaka sasa, wanagonga bati la shaba mpaka linatoa sura, mwanamke akitwanga, mtumbwi, tembo, na shaba inashika mwanga hata ule wa taa ndogo ya kuchaji umeme ukikatika, kwa hiyo itundike ukuta wenye kuangaliana na taa, katikati yake ifike mita 1,50 kutoka chini, usiipandishe karibu na plafo. Ipanguse na kitambaa kikavu. Ikianza kuwa nyeusi, limau na chumvi, suuza, kausha palepale.