Mkate wa Georgia ulivyoniunguza mkono kabla haujakubali kushika

Mwaka wa tatu huu nasoma Tbilisi, mji mkuu wa nchi ya Georgia, na shoti nimeizoea kama chapati. Shoti ni ule mkate mrefu wenye ncha mbili kama mtumbwi, wanauuza dukani chini ya ghorofa letu lari moja na kitu (lari ndiyo pesa ya huku), ukifika mlangoni nusu ushaula ngazini.

Sasa kiherehere kikanipanda, nataka kuoka mwenyewe. Rafiki yangu wa darasani kwao ni Kakheti, kule kwenye mashamba ya zabibu, na bibi yake ana tone uani. Tone ni tanuri la udongo la duara, refu kwenda chini kama pipa, mkate unabandikwa ukutani kwa ndani. Nikasema aa, si mofa tu hii, mimi mtoto wa Unguja mtanifundisha nini.

Donge halina maneno, unga maji chumvi hamira basi. Lakini kuna mjuaji mmoja (tone hajawahi kuiona hata kwa mbali) alishaniambia nipake mafuta mikononi donge lisininate. Nikapaka. Wa kwanza nikaubandika kwa adabu, taratibu kama mtu anabandika stempu, ukakaa sekunde tatu hivi halafu ukaanza kuteleza, yaani nauona hivi hivi unashuka, nami kwa akili zangu nikataka kuudaka, vinyweleo vyote vya mkono wa kulia kwaheri, harufu kama wanachoma kichwa cha mbuzi, na mkate puu kwenye makaa. Wa pili nikaugaragaza kwenye unga mkavu kisawasawa, kumbe unga mkavu ndio unaouzuia kushika, nao puu. Bebia, ndivyo wanavyomwita bibi, anacheka mpaka anafuta machozi, "shvilo, shvilo", mwanangu mwanangu, mimi machozi yangu ni ya moshi.

Akanisogeza pembeni. Kumbe hata ukuta sikuuangalia, ukiwa bado mweusi wa masizi usijisumbue, wao wanachoma vijiti vikavu vya mizabibu iliyopogolewa mpaka masizi yanaungua na udongo unarudi mweupe. Halafu akachovya mkono kwenye maji ya chumvi akaurushia ukuta, tsss! Hapo ndipo penyewe jamani. Donge unalivuta mwisho kabisa ukiwa ushasimama mdomoni mwa tone, katikati unatoboa kitundu la sivyo linafura kama andazi, unainama kiuno chote ndani pumzi umeibana na unapiga kofi. Kofi la kweli, la mtu unayemdai, siyo kupapasa.

Wa tatu ukashika! Nilipiga ukelele mbwa wa jirani wakabweka. Umbo lilikuwa kama ramani ya Pemba na ncha moja imeungua, lakini umeshika. Kuutoa wana chuma kirefu chenye ndoano, mkono usiingize, mimi nishaingiza kwa niaba yenu.

Madonge kumi, mikate saba, mingine majivu. Gharama ni mfuko wa unga tu na nauli ya basi, kuni za Bebia. Tuliila ya moto na jibini la chumvi na nyanya, hakuna aliyeongea.

Yule mjuaji nilimtumia picha ya mkono. Kajibu, "Labda mafuta ulipaka kidogo."